Gorogoro ya Mchanga: Kupanga Mahali pa Mchezo katika Chekechea

Ukipita mtaa wa Kondele kuelekea Manyatta, hapa Kisumu, mwezi wa Desemba, wakati shule zinapotafuta watoto wa mwaka mpya, utakuta mabango ya chekechea yamefungwa kwenye nguzo za stima na kwenye nyua za michongoma. Karibu kila bango lina picha ya bembea, chombo cha plastiki cha kutelezea chenye rangi nyekundu na manjano, na ukuta uliochorwa twiga na simba wanaocheka. Mzazi anayetafuta nasari huviangalia vitu hivyo kwanza, kisha huuliza karo, kisha huuliza kama mtoto atajua kusoma kabla ya kwenda Gredi ya Kwanza. Nimefundisha chekechea mjini Kisumu kwa miaka mingi, na sasa nasaidia kupanga madarasa ya PP1 na PP2, yaani miaka miwili ya chekechea kabla ya Gredi ya Kwanza, katika nasari moja ndogo ya mtaa wa Nyalenda, na kwa maoni yangu mabango hayo yanauza pambo la mchezo badala ya mchezo wenyewe. Mtoto wa miaka minne anahitaji muda mrefu usiokatizwa, vitu ambavyo anaweza kuvigeuza kuwa chochote anachotaka, na mtu mzima anayejua wakati wa kunyamaza. Sina ugomvi na bembea. Ila watoto arobaini hawawezi kuipanda kwa pamoja, na yule aliyefaulu kuipanda hufanya jambo lilelile tangu Januari hadi Novemba.

Kwenye karatasi, nchi yetu ilikwisha kulikubali jambo hili. Katiba ya mwaka 2010 ilizikabidhi kaunti elimu ya chekechea, na mtaala wa umilisi, ulioanza kutekelezwa kote nchini Januari 2019, uliweka miaka miwili ya PP1 na PP2 kwa watoto wa miaka minne na mitano na ukautaja mchezo kuwa njia ya kufundishia. Hata kabla ya hapo, kituo cha kitaifa cha elimu ya watoto wadogo kilipoanzishwa mwaka 1984 katika taasisi ya mitaala, walimu walihimizwa kutengeneza vifaa vyao kutokana na vitu vinavyopatikana katika mazingira ya watoto. Kwa hiyo hakuna anayeweza kudai kwamba mchezo ni jambo geni lililotujia juzi. Lakini ingia katika nasari nyingi saa tatu asubuhi utaona watoto wameketi kwenye madawati, kila mmoja na daftari lake, wakiandika herufi moja kuanzia juu ya ukurasa hadi chini, na mchezo umesukumwa kwenye zile dakika chache kati ya uji na kengele. Mwalimu akiulizwa hujibu kwamba watoto hucheza, na hasemi uongo. Ni kwamba mchezo kwake ni mapumziko ya kazi, kama chai kwa fundi.

Acha nieleze kona moja tu kwa kirefu, kwa sababu ndani yake karibu kila jambo ninalotaka kulisema linaonekana.

Tuna kona ya duka chini ya mwembe. Meza yake ni ubao uliolazwa juu ya matofali. Mchanga mkavu ndio omena, yaani dagaa, kokoto ndizo viazi, majani ndiyo sukuma wiki, na vipande vya karatasi ndizo noti. Vipimo ni vya kweli: gorogoro moja kuukuu, yaani ule mkebe wa kilo mbili ambao kila mtoto wa hapa amemwona mama yake akipimiwa mahindi, mikebe miwili mifupi yenye mdomo mpana, vikombe vya maziwa ya mtindi, na chupa ndefu nyembamba ya maji iliyokatwa shingo. Siku moja msichana wa PP2 alikuja kununua omena kwa mvulana aliyekuwa muuzaji. Muuzaji akajaza mkebe mfupi. Mnunuzi akakataa, akaonyesha ile chupa ndefu na kusema anataka hiyo kwa sababu ndiyo nyingi. Muuzaji, bila kubishana, akaumimina mchanga uleule wa mkebe ndani ya chupa, nao ukapanda karibu na ukingo. Mnunuzi akaridhika: “Sasa umeniongeza.” Kumbe mvulana alikuwa ameona kitu. Akachukua chupa, akaurudisha mchanga ndani ya mkebe, na mkebe ukajaa vilevile kama mwanzo, haukuzidi wala haukupungua. Hapo vita vikaanza. “Ticha, amenipunja!”

Mwalimu aliyekuwa karibu angeweza kumaliza ugomvi kwa sentensi moja. Badala yake aliuliza tu: “Mtajuaje kama amekupunja?” Wale wawili wakatazamana. Mtoto wa tatu, ambaye alikuwa amekaa kando akipepeta mchanga wake, akaleta kifuniko cha chupa na kupendekeza wahesabu vifuniko. Wakahesabu mchanga wa mkebe, kifuniko baada ya kifuniko, kwanza kwa Dholuo, achiel, ariyo, adek, kisha walipokwama wakahamia Kiswahili, na kumi ilipopita wakaendelea kwa Kiingereza kwa sababu ndivyo wanavyohesabu kwenye ubao. Kisha wakamimina tena kwenye chupa na kuhesabu upya. Hesabu ya pili haikulingana na ya kwanza, kwa kuwa vifuniko vingine vilijazwa pomoni na vingine nusu, na hilo nalo likazua mjadala wake: kifuniko kilichojaa ni kipi? Mwishowe muuzaji akafanya kile wanachofanya akina mama wa samaki kule soko la Kibuye: akachota konzi moja ndogo na kuitupia juu kama nyongeza, na mnunuzi akakinga kiganja apate nyingine.

Jean Piaget, mwanasaikolojia wa Uswisi aliyechunguza fikra za watoto katika karne iliyopita, alionyesha kwamba mtoto wa umri huo kwa kawaida huamua wingi kwa kuangalia urefu. Ukimimina kitu kutoka chombo kipana kwenda chembamba atakuambia kimeongezeka, na kumweleza kwa maneno hakumsaidii sana. Kinachomsaidia ni kumimina, kurudisha na kumimina tena mpaka macho na mikono vikosane. Sasa linganisha na ukurasa wa kitabu cha mazoezi wenye picha ya chupa mbili na agizo la kuzungushia mduara iliyo na vingi. Ukurasa una jibu moja, nalo huwekewa alama ya vyema. Duka lilikuwa na kipimio, makadirio, hesabu, makosa ya upimaji, majadiliano, haki na biashara, na hakuna aliyewaambia kwamba walikuwa katika shughuli za kihisabati. Wala duka lile halikumgharimu mtu zaidi ya kuomba mikebe.

Nimeitaja gorogoro kwa makusudi. Seti za plastiki za jikoni zinazouzwa madukani huja na tufaha, hambaga na birika la chai lisilofunguka, na nimeona watoto wakizichezea kwa siku chache kisha wakaziacha. Mtoto hucheza kwa nguvu anapokuwa na kitu alichokiona kikifanya kazi mikononi mwa watu anaowajua. Mbele ya duka letu walijitengenezea wenyewe kibanda cha M-Pesa, chenye kijana anayeuliza kitambulisho na kuandika kwenye daftari kwa mistari ya mawimbi, na daftari hilo, nawaambia wazazi, ni mwanzo halisi wa kuandika: mtoto ametambua kwamba alama kwenye karatasi hutunza jambo ili lisisahaulike. Karibu na lango kuna steji ya bodaboda, yaani matairi mawili na kijiti.

Steji hiyo ilinifundisha kumwelewa Lev Vygotsky kuliko kozi yoyote niliyoketi. Msomi huyo wa Urusi, aliyefariki mwaka 1934 akiwa na miaka 37, alisema kwamba mtoto akiwa mchezoni hutenda kupita umri wake, kana kwamba amejizidi kimo kwa kichwa kizima. Tuna mvulana wa miaka minne ambaye hawezi kabisa kungoja kwenye foleni ya uji. Husukuma, hulia, hurudi mbele. Mvulana huyohuyo hukaa kwenye steji akingoja zamu yake ya abiria kwa utulivu wa mtu mzima, kwa sababu mwendeshaji wa kweli hungoja zamu, na akiiruka wenzake watamfukuza kwenye steji. Hakuna fimbo wala kibandiko cha nyota ambacho kingempa subira ile. Ameijenga mwenyewe ili mchezo usivunjike.

Lakini mchezo wa aina hiyo hauchipuki kwa dakika tano. Watoto huanza kwa kugawana nafasi, nani muuzaji, nani mtoto mchanga, nani askari wa kaunti anayekuja kubomoa kibanda, na mazungumzo hayo peke yake huweza kuchukua robo saa. Kipindi cha chekechea katika mtaala wetu ni dakika 30. Ukikiheshimu kipindi kama kilivyo, kengele italia wakati duka ndilo kwanza linafunguliwa, na baada ya wiki chache watoto wataacha kuanzisha michezo mirefu, kwa kuwa wamejua haitaisha. Watakimbizana tu, halafu mwalimu atasema, mnaona, watoto hawa hawajui kucheza. Sisi tuliunganisha vipindi viwili vya asubuhi vikawa muda mmoja mrefu, na mwalimu huandika katika rekodi yake ni shughuli gani za mtaala zilizojitokeza: lugha kwenye kibanda, hisabati dukani, mazingira kwenye mtaro wa maji. Ni kazi nzito kuliko kuandika ubaoni na kuagiza watoto wanukuu. Wengine huona kufundisha kwa mchezo ni uvivu wa mwalimu, nami huwaalika wakae na daftari asubuhi moja wajaribu kufuatilia mambo yanayotendeka katika kona nne kwa wakati mmoja.

Kuhusu vifaa, wazo kwamba mtoto mdogo afundishwe kwa vitu vya kushika lina umri mkubwa. Friedrich Froebel alifungua taasisi yake huko Blankenburg, Ujerumani, mwaka 1837, akiwapa watoto mipira, silinda na vipande vya mbao vya maumbo mbalimbali. Serikali ya Prussia ilizipiga marufuku shule za namna hiyo mwaka 1851, na marufuku hayo hayakuondolewa hadi 1860. Inachekesha kidogo kwamba dola yenye jeshi kubwa kiasi kile iliogopa watoto wanaopanga mbao. Maria Montessori naye alifungua nyumba yake ya watoto katika mtaa wa maskini wa San Lorenzo, Roma, Januari 1907, na mojawapo ya mambo aliyoyasisitiza ni kwamba meza, viti na rafu viwe vya kimo cha mtoto ili achukue na kurudisha kifaa mwenyewe. Hili la rafu watu hulipuuza, na kwangu ndilo la kwanza kuangalia nikiingia katika darasa lolote. Nasari ikiwa na vifaa vizuri lakini vimepangwa juu ya kabati, mtoto huwa mwombaji wa mchezo.

Hapa Kisumu hatuna haja ya kuagiza mbao za Froebel. Mafundi seremala hukata vipande kila siku na vingi huishia kuwa kuni. Ukimwomba fundi akuwekee vya urefu unaolingana, kimoja, kimoja mara mbili na kimoja mara nne, kisha ukavipiga msasa mpaka visiwe na vibanzi, una vifaa vya ujenzi vitakavyodumu miaka. Uwiano huo wa vipimo una maana kubwa: mtoto akikosa kipande kirefu atagundua kwamba vifupi viwili vinaziba pengo lilelile. Mafundi wa nguo hutoa mabaki ya vitambaa. Mafunjo na gugumaji la ziwani likikaushwa husukwa. Na kuna udongo, utajiri ambao watu wa uwanda huu hawauoni kwa sababu unawakwamisha viatu. Watoto wa Kiluo wamefinyanga ng'ombe kwa udongo vizazi na vizazi, wenye pembe na nundu, na bado ni mchezo mmoja ambao babu akija kumchukua mjukuu huinama na kurekebisha nundu mwenyewe.

Udongo huo ndio jibu langu pia kwa mzazi anayetaka maandishi. Kifundo cha mkono wa mtu mzima kina mifupa midogo minane. Katika umri wa miaka minne sehemu kubwa ya mifupa hiyo bado ni gegedu, haijawa mfupa mgumu, na misuli midogo ya vidole haina nguvu ya kuiongoza penseli kwa muda mrefu. Ndiyo maana mtoto anayelazimishwa kuandika mapema huishika penseli kwa ngumi, hukaza bega zima na kutoboa karatasi. Kukanda udongo, kukamua kitambaa kilicholowa, kubandua maganda ya njugu, kushona kwa kamba kwenye kadi yenye matundu na kupanda ngazi ya kamba huujenga mkono ambao baadaye utaandika bila kulia. Baba mmoja aliniuliza kwa heshima sana, “Mwalimu, kwa hivyo nalipa karo mtoto wangu achezee matope?” Nilimwambia ndiyo, na nikampa bonge la udongo alikande kwa dakika mbili ili aone vidole vyake vinavyofanya kazi. Alicheka, akakanda. Hata hivyo alinikumbusha kuhusu herufi alipokuwa akiondoka.

Siwalaumu wazazi hawa. Shinikizo hutoka mbele yao: shule ya msingi ya binafsi wanayoitamani humwita mtoto wa miaka mitano kwa mahojiano, humpa karatasi, na yule asiyeandika jina lake hurudishwa. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 inazikataza shule za umma kutumia mtihani kuamua mtoto apokewe au asipokewe, isipokuwa ule wa kumpanga mahali panapomfaa. Lakini mzazi anayesimama mbele ya meza ya shule ya binafsi hana nafasi ya kunukuu sheria hiyo. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, ambao Kenya iliuridhia mwaka 1990, unautaja mchezo kuwa haki katika kifungu cha 31. Naamini katika mkataba huo. Ila kwenye kikao cha wazazi nimeona folda ya mtoto ikishinda vifungu: picha ya mnara alioujenga, ukurasa wa daftari lake la M-Pesa, na maneno aliyosema yakiwa yameandikwa na mwalimu na kuwekewa tarehe. Mzazi akiyasoma maneno ya mwanawe huuliza maswali ya maana zaidi kuliko “ameshika nambari ngapi”.

Watoto wa miaka mitatu, ambao nasari nyingi huwachanganya na wa PP1, wanahitaji mpangilio wao. Mildred Parten, mtafiti wa Marekani, aliandika mwaka 1932 kuhusu hatua ambazo watoto hupitia katika kucheza na wenzao, na mojawapo ni ile ya kucheza sambamba: wawili hukaa bega kwa bega wakifanya jambo moja, kila mtu na lake. Kuwaambia hao “gawaneni” ni kuwachosha bure. Wanunulie ndoo mbili zinazofanana. Tena vitu vidogo kama vifuniko na shanga visifike kwenye kona yao, kwa kuwa bado huvitia mdomoni, na beseni la maji lisiachwe bila mtu mzima hata kama maji ni ya kina cha kiganja. Kingo za mikebe zikunjwe kwa koleo. Mambo haya ni machache na hayana mjadala.

Lenye mjadala ni lugha. Sera inataka mtoto wa chekechea afundishwe kwa lugha ya mazingira yake, ilhali nasari nyingi hujitangaza kuwa za Kiingereza tangu mlangoni. Katika kona ya duka hakuna anayewasahihisha. Wananunua kwa Kiswahili, wanagombana kwa Dholuo na kuiga sauti ya mwalimu kwa Kiingereza, na mtoto wa Kiluhya aliyehamia kutoka Kakamega mwaka jana bila neno la Dholuo alilipata hapo, akiwa askari wa kaunti, kabla hajalipata darasani.

Kinachotusumbua sasa ni mvua. Kuanzia Machi hadi Mei udongo mweusi wa Nyalenda hugeuka gundi, mwembe hudondosha maji siku nzima, na duka, steji na kibanda hufungwa; watoto hurudi kwenye madawati na, kwa kukosa la kufanya, kwenye madaftari. Ukihesabu wiki hizo, sehemu kubwa ya mpangilio wetu hufa kila mwaka katika muhula uleule ambao watoto wa PP1 ndio wanaanza kuzoeana. Kamati ya wazazi imechanga pesa, na kuna pendekezo la kununua bembea na chombo cha kutelezea, cha rangi mbili, kama kile cha nasari iliyo jirani nasi. Pesa hizohizo zinatosha nguzo, mabati na sakafu ya saruji ya kuipanua veranda kando ya darasa la PP1, na rafu mbili fupi ukutani. Veranda haitapendeza kwenye bango. Kikao kiko mwishoni mwa mwezi, nimeomba nizungumze kabla ya kura, na nimepanga kuwaita wazazi wafike nusu saa mapema, watoto wakiwa bado dukani, ili waone kwanza kinachotafutiwa paa.